Uliza Shangazi: Benchi la mlangoni, viatu chini makalio juu

Toleo lililopita niligusia kidogo tu habari ya benchi la mlangoni, lile la kukalia unavaa viatu na chini yake kuna nafasi ya kuwekea vitu, nikadhani yameisha, kumbe nimechokoza nyuki. Barua zimekuja mpaka nikajiuliza hivi nyie wote mlikuwa mnajikwaa kwenye viatu vya wenzenu kimya kimya? Nimechagua chache, zinazouliza kitu kilekile nimejibu moja. Mafundi wakubwa mnisamehe, mi ni shangazi mwenye futi kamba na msumeno wa kuazima.

Tuko watano na koridoo nyembamba

Shangazi shikamoo. Sisi tuko watano, mi na mume wangu na watoto watatu, na ukiingia kwetu tu unakutana na koridoo ya upana kama mita moja na sm 20 hivi alafu viatu vimetapakaa kama vile kuna mkutano ndani. Nimeona benchi moja zuri sana dukani linafunguka juu kama sanduku, unakaa unavaa, ukirudi unavua unavitupia ndani unafunga, kina chake nilipima ni sm 48, ila bei yake jamani hapana. Mume wangu anasema tusubiri tujipange, mi naona tutasubiri mpaka watoto waoe. Hakuna namna ya kulipata kwa hela ndogo?
– Mama wa Watatu

Marahaba mwanangu. Kabla ya hela tuliongelee kwanza hilo benchi lenyewe, manake hata ungepewa bure ningekuambia usilibebe. Koridoo yako ni sm 120, toa 48 zinabaki 72, hapo mtu mwenye ndoo mkononi au mtoto mgongoni atapita ubavu ubavu kama kaa. Mi napenda njia ibaki kama sm 90, ikishindikana basi isishuke chini ya 80. Kwaiyo benchi lako lisizidi kina cha sm 33, utabaki na 87 za kupita. Najua utasema shangazi hiyo nyembamba, ndio ni nyembamba kwa mtu anaetaka kukaa aegemee asome gazeti, ila mlangoni nani anaegemea? Unakaa nusu kalio dakika mbili unafunga kamba unaondoka. Na kiatu cha mtu mzima ni kama sm 28 mpaka 31 kwenda nyuma, 33 inakimeza chote bila pua kuchungulia nje.

Sasa mfuniko, na hapa ndo naomba mnisikilize wote mlioandika. Benchi la kufunguka juu ni zuri dukani kwa sababu dukani hakuna mtu aliyelikalia. Nyumbani ni asubuhi, mmoja kakaa anavaa, mwenzake viatu vyake viko ndani, "nyanyuka kwanza", anyanyuke na kiatu kimoja mguuni, kile kimto cha juu kinateleza kinaanguka sakafuni, mfuniko umeshikwa kwa mkono mmoja na mkono mwingine unapapasa gizani unatafuta kiatu cha kushoto. Siku ya kwanza mtavumilia, ya pili pia, ya nne viatu vimerudi sakafuni ila safari hii viko pembeni ya benchi, yani umelipia kitu cha kujikwaa nacho. Mi nimeishi na benchi la hivyo miaka miwili sitanii. Kinachovaliwa kila siku kikae wazi, mtu ainame achukue hata kama kuna mwenzake kakaa juu. Mfuniko tuuachie vitu vya mara moja moja, miamvuli, pampu ya mpira, begi la safari.

Na uzuri ni kwamba benchi la wazi ndo rahisi zaidi, halina bawaba halina vyuma vya kushikilia mfuniko. Lako nimelipiga hesabu kabisa. Karatasi nzima ya plaiwudi ni sm 244 kwa 122, chukua ya unene wa mm 18, na huhitaji nzima, nusu yake inatosha, yani kipande cha 122 kwa 122. Waambie hapohapo wanapouza wakukatie kwa mashine, usikubali kubeba ukaja kukata mwenyewe na msumeno wa mkono, mistari itaenda kama nyoka na ukiunganisha halisimami sawa. Wapasue vipande vitatu virefu vya upana wa sm 33. Cha kwanza kata sm 120, hicho ndo kiti. Cha pili kata mara tatu sm 40, hizo ni nguzo, mbili za pembeni na moja ya katikati, na hiyo ya katikati usiniambie unaiacha ili kubana matumizi, plaiwudi ya mm 18 ikiachwa sm 120 bila kushikiliwa katikati itabonyea tu mtakapokaa wawili. Cha tatu toa rafu mbili za sm 57 na milimita 3, moja kila upande wa nguzo ya katikati. Kinachobaki ni utepe wa kama sm 22, huo toa vipande viwili vya upana wa sm 10 na urefu uleule wa rafu, vinasimama nyuma chini ya kiti kila chumba chake. Hivi vya nyuma watu wanavidharau lakini ndo vinazuia benchi lisicheze kushoto kulia, ukiviacha ndani ya mwezi mmoja linayumba kama mlevi.

Ukisimamisha unapata vyumba vinne, viwili juu viwili chini, kila kimoja kina kimo cha sm 19. Pea ya mtu mzima inakula upana wa kama sm 22, ya mtoto 17 au 18. Kwaiyo vyumba viwili vya juu ni vyenu wakubwa, pea mbili mbili na panabaki sehemu ya brashi, vya chini ni vya watoto, pea tatu tatu. Jumla pea kumi, kila mtu mbili. Zaidi ya hapo zikakae chumbani kwa mwenyewe, na hili mkubaliane kabla ya kununua hata skrubu moja, kwa sababu hakuna benchi duniani litakalotosha viatu vyote vya watu watano, hilo halitengenezwi.

Kuunganisha ni gundi ya mbao na skrubu za sm 5. Toboa kwanza tundu dogo kwa drili, kama mm 3 kwa skrubu ya mm 4, usipotoboa plaiwudi inapasuka pembeni pale pale unapoanza kufurahi. Piga msasa kingo zote hasa za mbele ambapo mashavu ya miguu yatagusa, alafu vanishi mara mbili na usisahau nyayo za nguzo kule chini, maana maji ya deki yanapandia hapo. Weka na vile vipira vya miguu benchi linyanyuke kidogo. Sikuweka sakafu chini na sijasahau, viatu vya watoto vinakaa kwenye sakafu ya nyumba, unavitoa unapiga deki umemaliza.

Mtu atakushauri uchukue chipbodi, ule ubao wa chembechembe za mbao zilizogandishwa kwa gundi, kwa vile ni rahisi. Mi nilichukua. Mlangoni ni sehemu ya maji, viatu vinaingia vimelowa, miamvuli inachuruzika, na chipbodi ikinywa maji inavimba na hairudi tena, skrubu nazo zinatoka zenyewe kama meno ya mtoto. Emdiefu (MDF, ubao wa unga wa mbao ulioshindiliwa) nayo hivyohivyo kwa maji, labda iwe ndani kabisa sehemu kavu na umeifunika rangi kila upande.

Kabla ya yote hayo chukua selotepu ile ya karatasi uchore benchi sakafuni, sm 120 kwa 33, mlipite siku tatu kana kwamba lipo. Fungua mlango mpaka mwisho uone haupigi kona yake. Ukiona kila mtu anakanyaga mstari basi ukutani hapo sio mahali pake, hamia upande wa pili, selotepu haina hasara.

Na kama hata hiyo nusu karatasi ni mtihani kwa mwezi huu, tafuta rafu ya zamani ya vitabu ambayo mtu kaichoka, ile nyembamba ndefu, ilaze kwa ubavu. Pima upana wake kwanza, ukiwa sm 40 mpaka 45 ukiilaza hicho ndo kinakuwa kimo cha kiti, ni sawasawa kabisa, ila ile ya upana wa 80 ukiilaza umepata kaunta. Vile vibao vya ndani sasa vinakuwa nguzo, na kama vimekalia pini tu vile vya kuhamishika, piga skrubu kila kimoja kabla mtu hajakaa, la sivyo mgeni wako wa kwanza ndo atakaegundua.

Sanduku linanuka

Dada habari, mi ninalo tayari hilo benchi la sanduku, nilinunua mwaka juzi na nalipenda, tatizo ni ukifungua harufu inayotoka pale sio ya kusimulia na juzi nimekuta viatu vyangu vya ngozi vya ofisini vimeota ukungu mweupe. Nimepuliza manukato ndani imekuwa mbaya zaidi. Nifanyeje?
– Aliyefunga Pua

Manukato juu ya harufu unapata harufu mbili. Ngoja nikueleze kinachotokea humo, mguu unatoa jasho, bakteria wanalila hilo jasho na wanachotoa ndo hicho unachonusa, sasa wewe unavua kiatu kikiwa bado na unyevu wa moto moto unakifungia kwenye boksi lisilo na hewa, umewapikia na kuwatandikia. Ukungu nao unataka kitu hichohicho, unyevu na kutopitiwa na hewa, na ngozi ni kitanda chake.

Toa kila kitu. Ile ngozi ifute nje sio ndani ya nyumba, kitambaa kikavu kwanza alafu kitambaa chenye siki iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, jaribu sehemu ndogo isiyoonekana kabla hujapaka chote, iache ikauke kivulini. Sanduku lenyewe liache wazi siku nzima au mbili. Alafu toboa matundu, ya kipenyo cha sm 2 au 3, matatu au manne ubao wa nyuma chini kabisa na mengine juu karibu na mfuniko, hewa iingie chini itokee juu, ukitoboa sehemu moja tu haitembei. Na usiligandishe benchi ukutani, liache sm 2 au 3, manake umetoboa alafu ukuta unaziba si bure hiyo.

Baada ya hapo sheria ni moja, kiatu kilichotoka mguuni leo hakiingii ndani leo. Kilale nje usiku mzima, kama kimelowa kisokomezee gazeti ndani na ulibadilishe likishalowa. Magadi ya unga kidogo kwenye soksi kuukuu iliyofungwa fundo inasaidia kunyonya harufu, ila ni msaidizi tu. We mi ningekushauri tu uhamishe viatu vya kila siku, viweke kwenye raki ndogo pembeni, sanduku lichukue miamvuli mikavu na mabegi. Najua unalipenda, hatulitupi, tunalibadilishia kazi.

Mfuniko na vidole vya mtoto

Shangazi mwanangu ana miaka mitatu na anapenda kufungua lile benchi anaingia ndani anajificha, juzi mfuniko umemwangukia kidogo tu kwenye vidole akalia sana. Mke wangu anataka tuligawe. Je kuna njia ya kuufanya usianguke?
– Baba Mdogo Mwoga

Sio mwoga, una akili, na mke wako pia. Vidole vimeponea, mi nilichoogopa zaidi kwenye barua yako ni hapo ulipoandika anaingia ndani anajificha. Kama lina komeo, kufuli au hata kile kitasa cha sumaku kikali, leo hii litoe, kabla hujamaliza kusoma. Mtoto akijifungia kwenye boksi lisilo na hewa hatoweza kusukuma wala sauti yake haitasikika vizuri. Toboa matundu kama nilivyomwambia mwenzako hapo juu, na yawe pande ambazo haziwezi kuzibwa na ukuta wala mto.

Mfuniko sasa. Vipo vyuma vya gesi kama vile vya buti la gari, vidogo vyake vinauzwa na vifaa vya makabati, vinaubeba mfuniko na kuushusha taratibu. Vinauzwa kwa nguvu tofauti kwaiyo pima uzito wa mfuniko wako pamoja na mto wake kwanza, chuma dhaifu hakiubebi na chenye nguvu kupita kiasi kinaung'oa bawaba. Weka viwili, kila upande kimoja. Mnyororo tu hautoshi, mnyororo unazuia mfuniko usiende nyuma, haukatazi kuja mbele kwenye vidole. Alafu bandika vipande vya mpira kwenye kona mbili za mbele, ukifunga pabaki upenyo wa kama sm 1 na nusu, kidole kikiwepo kisisagwe.

Njia rahisi kuliko zote lakini: piga skrubu mfuniko ufungike moja kwa moja, ng'oa ubao wa mbele, weka vikapu viwili ndani. Gharama ni vikapu. Atajificha kwingine.

Paleti za bure

Kaka yangu anafanya kazi ghala moja wanatupa mapaleti ya mbao, yale majukwaa ya kupangia mizigo, ameniletea manne bure kabisa!! nataka nitengeneze benchi la mlangoni nimeona watu wanapanga tu yanakaa juu ya mengine. Ni salama au yana madawa?
– Fundi wa Jumamosi

Swali zuri, na jibu limeandikwa kwenye paleti lenyewe. Tafuta muhuri uliochomwa au kupigwa rangi ubavuni kwenye vile vigogo, una alama ya suke la ngano, herufi mbili za nchi lilikotoka na pembeni herufi za matibabu. HT maana yake ni joto, mbao zimepashwa mpaka katikati yake ikafika nyuzi 56 kwa dakika 30 ili kuua wadudu, hiyo haina dawa, tumia. MB ni methili bromaidi, gesi ya sumu ya kuua wadudu, hilo usiliingize ndani wala usilichome moto, mrudishie kaka. Huo utaratibu ni wa kimataifa, unaitwa ISPM 15, upo tangu 2002 kwa mbao za kufungashia mizigo inayovuka mipaka. Lisilo na muhuri linaweza kuwa limetembea ndani ya nchi tu na halina neno, tatizo hujui lilibeba nini, mi likiwa na madoa ya mafuta au harufu nisiyoielewa nalikataa hata kama ni HT.

Sasa la vipimo. Paleti la kawaida la Ulaya ni sm 120 kwa 80 na kimo chake ni sm 14.4, ukipanga matatu unapata 43.2, kimo cha kiti kabisa, ndo maana watu wanayapenda. Ila kina cha 80 sio benchi ni kitanda. Inabidi ulikate kwa urefu kandokando ya vigogo vya katikati ili upande mmoja ubaki na vigogo pande zote mbili, hapo unapata kina cha karibu sm 47, na upande wa pili unabaki vibao tu vya kutumia kufunika mapengo juu. Sm 47 ni kwa mtu mwenye ukumbi mpana au kibaraza, mwenye koridoo kama Mama wa Watatu asijaribu. Na ule uwazi wa ndani una kimo cha sm 10 tu, ndala na viatu vya flati vinaingia, raba nene zinakwama.

Funga paleti na paleti kwa skrubu ndefu, yasipangwe tu yakaaminiwa. Chomoa misumari iliyojitokeza, piga msasa kwa subira maana mbao zile ni za kukwaruza na kibanzi kwenye paja hutakisahau, vaa barakoa wakati unapiga. Kwa kazi yote hiyo, nikuambie ukweli, plaiwudi ni jumamosi moja, paleti ni jumamosi tatu. Ni bure kama muda wako nao ni bure.

Bibi hawezi kunyanyuka

Tumemtengenezea bibi yetu benchi zuri la droo pale mlangoni, akikaa kuvaa viatu hawezi kunyanyuka mpaka avutwe. Ana miaka 78, miguu haina shida kubwa, anatembea vizuri tu. Tumekosea wapi?
– Wajukuu

Pengine hamjakosea kimo peke yake. Hebu we mwenyewe kaa kwenye kiti alafu jaribu kunyanyuka bila kurudisha miguu nyuma. Umeona? Mtu yeyote anaponyanyuka anavuta nyayo ziingie chini ya kiti kidogo ndo anainuka, sasa benchi la droo mbele ni ukuta mpaka sakafuni, visigino vinagonga. Kijana anajirusha tu, bibi hawezi.

Toeni droo ya chini au isukumeni ndani, pale chini pabaki uwazi wa kina cha sm 10 na kimo cha sm 10 au 15 visigino viingie. Kimo cha kiti kiwe sm 46 mpaka 50 kutegemea na urefu wake, mpimeni kutoka sakafuni mpaka nyuma ya goti akiwa na viatu, kisha ongezeni kidogo. Sponji laini toeni, inazamisha, tandikeni kitu chembamba kigumu. Alafu wekeni pa kushika, mkono wa kiti upande mmoja au chuma cha kushikia kilichofungwa ukutani kwa skrubu na plagi zake, sio cha kubandika kwa gundi, uzito wa mtu sio wa kuchezea. Na mkono mrefu wa kuvalia viatu, kile kijiko cha kisigino cha sm 50 au 60, mnunulieni, ataacha kuinama kabisa.

Mpangaji

Mi nimepanga mwenye nyumba hataki hata msumari mmoja ukutani, nitundike wapi makoti?
– Mpangaji

Benchi halihitaji ukuta, linasimama lenyewe na utahama nalo. Makoti yatundike kwenye kulabu za kuning'inia juu ya mlango wa chumba, zile bapa, pima kwanza unene wa mlango wako na uhakikishe mlango unafunga zikiwepo. Ile miti ya kusimama ya kutundikia makoti mi siipendi, ukitundika upande mmoja tu inaanguka, ila ukilaza kitu kizito kwenye miguu yake inavumilika. Kabati refu la viatu lisilofungwa ukutani usiliweke kama una watoto, hilo sibishani.

Mto wa benchi

Naomba vipimo vya mto wa juu, nimeulizia wanasema sponji iko ya aina nyingi nimechanganyikiwa
– Mshonaji

Sponji ya sm 5 inatosha, na chukua ngumu, wauzaji wanaitaja kwa dinsiti, ulizia kuanzia kilo 30 kwa mita ya ujazo. Ile nyepesi ukikaa unagusa ubao, baada ya miezi mitatu ni chapati... samahani, ni bapa kabisa. Ndo maana nguzo za Mama wa Watatu nimeziacha sm 40, na kiti cha mm 18 inakuwa karibu 42, ukiongeza sponji inayobonyea kidogo unakuja kwenye 45 ambayo wengi wanakaa vizuri. Mtu akitengeneza benchi la 45 kisha akaongeza mto, watoto wanabaki kuning'iniza miguu. Anza na mto, rudi kwenye mbao.

Kukata sponji tumia kisu kirefu chenye meno, chora kwa kalamu, vuta taratibu usisukume. Kitambaa kiwe kizito cha kufulika, suruali kuukuu za jinzi ukizifungua mishono zinatosha vizuri sana na uchafu hauonekani. Ongeza sm 2 za mshono kila upande, zipu iwe ndefu upande mrefu wa nyuma, sio ile fupi ya ubavuni ambayo kuitoa sponji ni kama kumzalisha mtu. Chini shona velkro vipande vinne na vingine gandisha kwenye benchi, mto usitembee. Kama kuna mtu wa kukaa na nguo zilizolowa, vika sponji mfuko wa plastiki mwembamba ndani ya kitambaa, toboa vitundu viwili vya pini upande wa chini ili ikibonyea isipulize kama puto.

Benchi limegeuka jaa

Shangazi nilifuata ushauri wako wa toleo lile, benchi nimetengeneza, viatu viko chini safi, ila juu hapakaliki!! mabegi ya shule, helmeti ya mume wangu, barua, chaja. Tunavaa viatu tumesimama kwa mguu mmoja kama zamani.
– Niliyechoka

Hahaha pole mwaya. Kila kitu cha bapa kimo cha mkono karibu na mlango kinageuka meza, hata ungeweka mtu aliyelala pale wangemwekea chaja. Usipige kelele, umeshapiga za kutosha. Vipe hivyo vitu pa kwenda, vikifuata mkono: kulabu mbili kimo cha bega la mtoto kwa ajili ya mabegi, kulabu moja imara ya helmeti juu ya benchi kama sm 150 kutoka sakafuni isigonge kichwa cha aliyekaa, na kibakuli kimoja kidogo sana cha funguo na barua. Kidogo sana narudia, kikubwa kitajaa.

Alafu kama bado, liache begi la mtu kwenye kiti usiliguse, siku akitaka kuvaa viatu we kaa kimya umwangalie. Mume wangu alichukua siku tisa.